Ubongo wa Pikapu na Macho ya Kwandu

Jumamosi, 12 Julai 2025

Pikapu imezima tena, mwinuko ule ule wa kuingia kijiji cha Runazi. Injini ikishapata moto tu — kimya. Fundi Venance kafungua chini ya dashibodi, katoa kontroo boksi, ule ubongo unaoiamrisha injini. Panya kazaa humo. Kakojoa humo. Ndani kumeota kijani kama bwawa. Venance kasema mzee, ubongo huu umeshakufa. Nikamwambia basi sasa gari na mwenyewe tumelingana.

Nilicheka kwa mdomo tu. Madaktari wa macho wanafika Ngara Jumanne ya tarehe 22. Siku moja, halafu mpaka mwakani. Mke wangu Kwandu yumo kwenye orodha. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Mwaka mzima ananitambua kwa kikohozi. Na basi hapandi, toka lile lililopinduka naye. Kasema utanipeleka mwenyewe, Baba Samweli, ama nibaki hivi hivi. Mkaidi huyu. Miaka arobaini na sita na bado naupenda ukaidi wake, Mungu anisamehe.

Jumatatu, 14 Julai 2025

Kumbe kuchagua kontroo boksi ni kazi kuliko kuchagua mke. Gari langu si gari moja. Bodi ni ya padri, injini ya teksi ya Mwanza, gia boksi Venance mwenyewe hataki kusema kaitoa wapi.

Kanieleza zipo za aina tatu. Ya kwanza ya mtumba, imetoka kwenye injini kama yangu. Hiyo itautafuta ufunguo wa gari lake la zamani, isipouona inagoma. Kama mjane anayemlinganisha mume mpya na marehemu. Ya pili mpya, imeshafungwa kiwandani, haibadilishwi kitu. Hiyo inajua magari ya halali, siyo ndoa za mseto kama yangu. Ya tatu inapangwa kwa laptop, unaiambia kila kitu: injini hii, tairi hizi, mlima huu. Venance anaitaka hiyo. Anataka pikapu ipae.

Nikampigia Abbasi, muuza spea wa Biharamulo mjini. Yeye Mzaramo, mimi Msukuma, watani toka kwa babu zetu. Kwa mtani hulii shida, unaona aibu. Nikamwambia nataka kushindana na vijana wa bodaboda, nichagulie wewe, nakuamini. Macho sikuyataja.

Darasa la nne nililoishia halikunifundisha akili, naona.

Alhamisi, 17 Julai 2025

Mzigo wa Abbasi umefika kwa basi. Umefungwa vizuri, sponji, gundi, na maandishi: UBONGO WA MSUKUMA, USITIKISWE. Venance kakata kwa kisu, mikono imetulia kama ya daktari.

Kengele ya ng'ombe. Na kikaratasi: Kwa mwendo wako hii inatosha.

Venance kacheka mpaka kakaa chini. Na mimi nikacheka. Utani hauna kesi, ukikasirika umeshindwa. Kwandu kasikia mlio toka jikoni, kauliza ndiyo kontroo boksi yenyewe hiyo? Nikasema hapana, hiyo ni honi.

Kisha nikahesabu siku. Tano.

Ijumaa, 18 Julai 2025

Nimempigia Abbasi nikamwambia ukweli wote. 

Akasema, "Methusela."

Hajawahi kuniita hivyo. Ni Msukuma tu, au wewe mchunga mbuzi. Kasema kwa nini hukusema? Nikajibu ningeanzaje. Kasema ngoja niswali, halafu nione.

Jumapili, 20 Julai 2025

Abbasi duka kalifunga, kaja mwenyewe. Na binti yake Pili, aliyesomea umeme wa magari Mwanza, laptop mgongoni.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Umeniletea na ng'ombe wa ile kengele?"

Akacheka, ila kazi haikumchekesha. Kaniuliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza. Petroli nanunua sheli au kwenye chupa? Mlima gani mrefu? Napakia watu wangapi? Rejeta inavuja? Akachagua ile ya tatu, ya kupangwa. Venance akaanza: iongezee moto, mpe babu spidi. Pili akanigeukia: "Babu, unataka kufika au kusifiwa?"

Aibu kusema, nilifikiri kwanza.

Nikajibu kufika. Kaipunguzia hasira, kailegeza, na saa kumi injini ikawaka kwa sauti ya mtu aliyelala vizuri. Kwandu akaweka kiganja juu ya boneti, akasema inapumua.

Tatizo moja. Soketi ya zamani inayochomekwa kwenye kontroo boksi, kishikizo chake kimevunjika, mpya itachelewa. Kaifunga kwa waya. Kasema njia mbovu ikiilegeza, mtu aibane kwa mkono.

Abbasi kala ugali na maziwa mgando, kasema chakula hiki cha adhabu, kaongeza mara mbili. Wabeja, Mzaramo. Mbele yako siwezi kusema asante, ungenicheka. Humu ndani nasema. Wabeja, Pili.

Jumanne, 22 Julai 2025

Naandika juu ya usukani, uwanja wa hospitali. Maandishi yanarukaruka kwa sababu injini inawaka.

Tuliondoka alfajiri. Mpaka Lusahunga safi kabisa, naimba. Baada ya hapo mashimo. Gari likaanza kukata, linashtuka kama mtu mwenye kwikwi. Nikaegesha. Nikasema ndiyo basi. Kwandu kainama, kapapasa chini ya dashibodi, vidole vyake sasa ndiyo macho. Kaipata soketi kabla sijamaliza kulaumu. Kaibana. Injini ikatulia.

Akaishika kilomita zote zilizobaki. Milima yote. Nilimwambia badilisha mkono, akasema endesha. Nilimwambia umechoka, akasema na wewe unaongea sana. Nimeishi na huyu mtu nikidhani mimi ndiye ninayempeleka mahali.

Sasa tumefika. Watu wengi, foleni mpaka getini. Mlinzi katupungia tuzime gari. Bado ameibana, kidole gumba kimekuwa cheupe. Nimemwambia achia, mama.

"Nikiachia itazima."

"Acha izime. Tumefika."

Hajaachia. Kaongeza na mkono wa pili, anaibana kwa yote miwili. Huyu ambaye hajaogopa chochote toka Lusahunga, sasa anawaogopa madaktari.

Nesi katoka na karatasi mlangoni. Kaita Kwandu Methusela. Anaita mara ya pili. Nimeweka mkono wangu juu ya wake, na injini bado inawaka. Naweka kalamu chini, tushuke wote.