Siku Tuliyokuzika Hakubaki Mtu Nyumbani

Dada Skola,

Shikamoo. Hujambo huko uliko? Natumaini kile kifua kilichokunyima usingizi masika yote kimekuachia. Sisi tu wazima kwa neema ya Mungu. Watoto wako ninao mimi, wanakula vizuri, na yule mdogo ameota meno ya mbele. Baridi ya Ufipa unaijua. Mwaka huu imekuja na upepo.

Ningependa kuishia hapo, lakini wewe hukupenda kufichwa jambo. Dada, kitongoji chetu hakipo tena. Tumehamishiwa kijiji kipya cha ujamaa, kule barabarani.

Unakumbuka ulivyotuongoza kwa miguu hadi Sumbawanga, khanga zimelowa umande, ukamwambia yule bwana ofisini, "Mzee, sisi ujamaa hatuukatai. Shamba la pamoja tutakuja kulima. Tuachie nyumba zetu tu." Akakuna kichwa. Akasema nyumba yenye mtu na moto jikoni isiguswe mpaka wakubwa waamue. Iliyo tupu, mgambo waibomoe. Ulirudi unaimba njia nzima. Ukapanga zamu: anayekwenda kufukia nyasi kwenye matuta, jirani amkalie jikoni na kuchochea moto wake. Mgambo walipochungulia kwako wakauliza unapika nini, ukawajibu, "Maji, baba. Kaeni, ngojeni yaive." Walicheka mpaka wakaondoka.

Hata ulipokuwa hujiwezi kitandani uliuliza, "Kwa Bibi Tekla kuna moshi?"

Kisha Bwana akakuita.

Asubuhi ya mazishi Bibi Tekla alisema miguu yake haifiki makaburi ya misheni, basi atabaki azungukie majiko yetu. Sijui nani alianza. "Bibi, una nini na marehemu hata humsindikizi?" Mwingine akadakia, "Aliyemla haoni aibu, anabaki kuota moto." Unawajua watu wetu: asiyeonekana kaburini huitwa mchawi. Bibi akachukua fimbo yake, akaja, analia. Baada ya hapo nani angethubutu kubaki? Tulikwenda wote, hata wagonjwa. Nyimbo zilikuwa nzuri, dada. Padre alikusifu. Nikasema moyoni, Skola amepata watu.

Tuliporudi tulikuta mapaa yote yameangushwa chini na milango imerundikwa uani kama kuni. Mgambo hawakuvunja neno la yule bwana: nyumba zilikuwa tupu, majivu yamepoa. Yule aliyecheka siku ile ya maji alikuwa ameketi juu ya kinu chako, hakuweza kututazama usoni. Alisema tu, "Poleni na msiba, mama zangu. Lori linakuja kesho."

Wewe ungebishana naye. Sisi tulikuwa tumechoka kulia, tukafunga mizigo.

Nikisali rozari nafika katikati napotea, nawaza hayo hayo. Wangebaki wachache tungesema wamekukosea heshima. Tumekuja wote, tumeiharibu kazi yako. Ulezi wetu umebaki shambani kule juu peke yake. Tunaufuata kwa mwendo mrefu, na nyani wanatutangulia.

Bibi Tekla hapokei salamu zetu. Tulikwenda kumwomba radhi, wanawake wote, tumepiga magoti. Akasema, "Mtaniomba radhi nikiwa kwangu." Akatugeuzia mgongo, akaendelea kuchambua maharage.

Basi tumekubaliana. Tukishavuna tunarudi Sumbawanga kuomba bibi arudishwe kwake, nasi tumwezekee wenyewe. Atakayesema ni mimi. Unajua mdomo wangu ulivyo mzito, lakini nakuahidi nitasimama, na sitaondoka mle ofisini kabla sijajibiwa.

Pumzika kwa amani ya Kristo, dada. Watoto wako wanakusalimu. Ila niambie, nikisimama mbele ya yule bwana nianze na neno gani? Nijibu upesi, hata kwa ndoto, maana mavuno yamekaribia.

Mdogo wako,
Anjela