Upepo Ukikatika

Jumatatu, 9 Januari 1956

Kituo cha hewa, Bukavu, mapema. Mvua ya jana milimita kumi na nne. Barometa haina neno. Nimeandika, chef, mzungu mkuu wa kituo, akatia sahihi bila kuangalia. Huu mwaka wa saba anatia sahihi bila kuangalia.

Barua ya Deo imefika. Mdogo wangu bado yuko Sainte-Marie, kile kisiwa chembamba pembeni mwa Madagaska, alikopelekwa na mzungu wake mwenye mashamba ya karafuu. Anapika, na wakati wa mavuno anasimamia ghala. Anasema watu wa huko wanaogopa upepo mkubwa unaokuja baada ya Noeli. Wanautaja kwa sauti ya chini, kama jina la mgonjwa. Anauliza afanye nini, maana mimi ndiye mtu wa hewa katika ukoo.

Nimecheka. Nimemjibu leo hii, ukurasa mzima. Afanye kama kwetu Kabare: upepo ukivuma akae ndani, ukikatika atoke mbio na kamba, afunge paa kabla mvua haijarudi. Ndivyo marehemu baba alivyotufundisha, na hatukupoteza paa hata moja. Nikaweka jina na cheo changu kamili. Najipenda sana nikiandika barua.

Jumapili, 15 Januari

Misa ya kwanza, kanisa la Kadutu. Furaha, mke wa Deo, hakuweza kusimama hadi mwisho. Mimba ya miezi mitano. Anakaa kwangu pamoja na mama tangu mume aondoke Novemba. Mama aliuliza nimemwandikia nini Deo. Nikasema nimemwambia asiogope. Wote wawili wakaridhika. Mimi pia.

Alhamisi, 2 Februari

Redio ya kituo inashika matangazo ya hewa kutoka Tananarive, mji mkuu wa Madagaska. Chef amechoka kuyanakili, kwa hiyo kazi imekuwa yangu, na pamoja nayo ufunguo wa kabati la vitabu. Leo nimesoma jinsi upepo ule unavyozaliwa.

Bahari ikipata joto majuma mengi, hewa ya juu yake hujaa maji na kupanda. Hewa nyingine hukimbilia pale palipoachwa wazi, na kwa kuwa dunia yenyewe inazunguka, mbio zile hupinda, zikawa mduara. Kila unapozunguka unanyonya joto zaidi la bahari. Ukipanda nchi kavu unakosa chakula, unakufa. Lakini kisiwa chembamba si nchi kavu ya kutosha kuuua. Unakipita tu.

Ukurasa wa pili. Katikati ya mduara kuna tundu. Wanaliita jicho. Humo hakuna upepo, mbingu inaonekana. Nusu saa, pengine saa nzima. Halafu upande wa pili unafika, upepo unavuma kinyume cha mwanzo, kwa nguvu ileile au zaidi.

Nimesoma mara tatu. Nimemwambia Deo atoke ndani ya jicho.

Miaka saba napima upepo, na sijui upepo.

Ijumaa, 3 Februari

Barua mpya: usitoke. Itachukua majuma matatu au manne, kama ile ya kwanza. Nikaenda posta kupiga telegramu. Karani akanieleza kwa upole kwamba inafika pwani ya Madagaska, halafu inavushwa kwa mashua, bahari ikiwa shwari. Nikamwambia arudie hayo ya mwisho. Akarudia.

UPEPO UKIKATIKA USITOKE UNARUDI KAA NDANI. Maneno sita. Aliuliza kama ni mafumbo.

Jumapili, 5 Februari

Umezaliwa. Mbali, kaskazini-mashariki ya kisiwa. Chef amebandika ramani ukutani na kuchoma pini nyekundu. Alikuwa na furaha kabisa, maana hapa hatuna vitu kama hivi. Akaniona natoka jasho, nikamwambia habari ya Deo. Akasema kisiwa kile ni kama unywele kwenye ramani, upepo una bahari nzima ya kupita. Alitaka kunituliza. Nilimchukia hata hivyo.

Jumanne, 7 Februari

Pini tatu. Unaelekea magharibi, ukishuka kidogo kusini, polepole, mwendo wa mtu wa baiskeli. Kitabu kinasema mara nyingi hupinda kusini na kupotelea baharini. Pinda.

Nimesali rozari nzima ili uende kwa watu wengine. Ndiyo, nimesali hivyo.

Jumatano, 8 Februari

Haukupinda.

Alhamisi, 9 Februari

Tangazo la adhuhuri: katikati ya kimbunga ipo juu ya Sainte-Marie. Katikati, ndivyo lilivyosema.

Hapa hakuna hata jani linalotikisika. Ziwa limelala. Nimeandika daftarini: upepo, sifuri. Atakayelisoma daftari atasema siku ile Bukavu ilikuwa siku nzuri.

Nilikaa na saa mkononi. Sasa kumenyamaza kule. Sasa anatafuta kamba. Sasa yuko juu. Nikataka kupiga kelele, na nani angenisikia? Chef alikuwa anakula.

Jumamosi, 11 Februari

Kituo cha hewa cha pwani ya Madagaska hakijibu. Chef amezing'oa pini zake. Mama anasema nimekonda. Nasema ni tumbo.

Jumatatu, 20 Februari

Telegramu imerudi. Hakuna mashua iliyovuka siku zile. Karani amenirudishia karatasi kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa pole.

Kwa hiyo barua ile ya kwanza tu ndiyo iliyofika, kama ilifika. Nimeanza kuomba kwamba ilipotea njiani. Mifuko ya posta huibiwa. Huloa. Hutupwa.

Jumanne, 13 Machi

Haikupotea. Mzungu wa Deo ameandika, kurasa mbili, mwandiko mzuri. Barua yangu ilifika siku nne kabla ya upepo, na Deo alimwonyesha kila mtu.

Asubuhi yote upepo ulitoka upande wa bahari. Kisha kimya. Jua. Ndege wa baharini wakatua uani, wamechoka, hawaogopi watu. Watu wa kisiwa hawakutoka, wao wanajua. Walimwita Deo arudi ndani. Akawajibu kwamba kaka yake ni mtu wa hewa. Akapanda juu ya ghala na kamba yake, afunge paa. Alikuwa amebakiza upande mmoja.

Wamemzika mlimani. Mzungu anasema alikuwa mtu wa kazi.

Barua iko chini ya godoro. Leo siwezi.

Jumatano, 14 Machi

Nimewaambia. Furaha alianguka pale pale mlangoni, majirani wakaja kumshika. Nilisoma barua kwa sauti, nikiigeuza kutoka Kifaransa, na sehemu ile ya kaka mtu wa hewa nikairuka. Mama hajui kusoma lakini aliona macho yangu yalivyoruka. Baadaye akanifuata nyuma ya nyumba.

"Nani alimuambiaka atoke?"

"Ni miye, mama."

Hakulia. Nilitamani anipige.

"Furaha asisikie ile maneno. Hata siku moja. Iko na mutoto ndani."

Jumapili, 18 Machi

Wazee wa ukoo wameshuka kutoka Kabare kumaliza kilio. Wamekaa, wamekunywa, wamesema inavyosemwa. Mimi ni mkubwa, Furaha atabaki kwangu, na mtoto atakuwa wangu. Ataniita papa. Nimekubali. Mama alikuwa anaangalia chini.

Walipoondoka, Furaha alikuja kunishukuru. Alipiga magoti kwa shida, akashika mikono yangu yote miwili.

"Aksanti, papa. Deo alikuwa anakusikiaka wewe kupita batu yote."

Nikamwambia ainuke polepole, tumbo limekuwa zito. Akaenda kukaa juani na mama.