Wifi Amekiri Kuhusu Gauni

Shoga, wifi yangu fundi cherehani kafukuzwa kazi sasa hivi!

Si unajua hagusi mashine kabla hajasoma Biblia? Leo kaifunga Biblia, kaenda moja kwa moja kwa bosi: "Gauni la bibi harusi nililiunguza mimi kwa pasi. Mwenzangu ulimfukuza bure."

Mbele ya wateja, shoga! Mbele ya wateja!

Bosi akanguruma, "Miezi miwili unasoma neno la Mungu na umenyamaza? Toka, mnafiki!"

Wifi akaenda kwa huyo mwenzake kuomba radhi. Kabamiziwa mlango: "Kamlilie Mungu wako, wanangu wameshalala njaa!"

Nikamfokea, sasa umepata nini?

Kanijibu analia, "Bosi kampigia simu mwenzangu. Kesho anakalia kiti changu."