Ukuta wa Jiko la Mama Mkwe Naumaliza kwa Kijiko

Mpendwa Bibi Rhoda, shikamoo. Naomba usinicheke mpaka umalize kusoma, ukishamaliza unaweza kucheka, maana hata mimi nikiwa peke yangu nacheka halafu nalia.

Nimezaliwa Mwazye kwa wakulima wa ulezi na nimeolewa na Msukuma, watu wake walihamia huku na ng'ombe wao, na sasa tunakaa pembeni mwa mji wa Sumbawanga, mimi, mume wangu Masanja, watoto wetu wawili na mama mkwe wangu, Mama Kabula, ambaye ana jiko lake la udongo nyuma ya nyumba. Mtoto mkubwa ni Hellena, wa pili ni Raymond, bado ananyonya, hata kusimama hajaweza vizuri, na hapo ndipo aibu yangu inapoanzia, Bibi, kwa sababu nina mimba nyingine, bado changa, haijaanza kuonekana, na sijamwambia mtu, hata Masanja mwenyewe. Unajua watu wanavyomsema mwanamke anayeshika mimba akiwa na mtoto wa kunyonya, kwamba yeye na mumewe wamembemenda mtoto, kwamba wameshindwa kuvumilia, na hapa kwetu kinara wa kusema hivyo ni Mama Kabula, juzi tu alimsema dada mmoja wa mtaani tangu tulipoanza kupepeta mahindi mpaka tulipomaliza, na mimi nikawa naitikia, ndiyo mama, watu wa siku hizi hawana haya, huku nimemeza mate ya kichefuchefu.

Sasa kisa chenyewe. Mvua ya kwanza iliponyesha ukuta wa jiko ukalowa, ile harufu ikanijia nikiwa nasonga ugali, Bibi, mate yalinijaa mdomoni kama nimeona nyama ya kuchoma. Nikachokoa kidogo kwa kidole nyuma ya mlango, nikaonja, nikajisemea ni hicho kidogo tu, kesho yake nikachokoa tena, halafu kucha zikaanza kuuma nikachukua kijiko. Mahali penyewe mama huwa anatundika ungo, kwa hiyo nilikuwa nakula halafu narudisha ungo, nakula narudisha ungo, mpaka shimo likawa kubwa kiasi kwamba Raymond anaweza kuingiza kichwa.

Mama Kabula alipoinua ungo akapiga kelele. Akasema ni mbuzi wa Bibi Silvana. Bibi Silvana ni jirani yetu, mjane mzee, anaishi peke yake, anauza mboga, na ndiye hunibebea Raymond nikienda kuteka maji. Nilikuwa nimesimama hapo hapo na sikusema neno. Mbuzi akafungwa kamba, balozi wa nyumba kumi akaitwa. Balozi wetu zamani alikuwa fundi wa kujenga, akachuchumaa, akapitisha kidole kwenye shimo taratibu, halafu akasema, "Mama Kabula, huyu mbuzi anatumia kijiko."

Watu walicheka, na mimi nikacheka kuliko wote ili nionekane sina kosa, na katika kule kucheka macho yakaingia giza, masikio yakavuma, nikaanguka.

Nilipozinduka nilikuta hakuna anayecheka. Bibi Silvana alikuwa ameniinua kichwa, na Mama Kabula anamwambia amwache mkwe wake. Akanifunua macho mbele ya watu, akasema, "Mnaona? Meupe. Midomo myeupe. Huyu mwanamke ananyonywa damu." Akamgeukia Bibi Silvana. "Kumbe udongo wa ukuta wangu ulikuwa unaupeleka huko kwako." Akimaanisha uchawi, Bibi. Tangu siku ile hakuna anayenunua mboga kwa yule mama. Masanja yuko mpakani Kasesya kwenye biashara, na Mama Kabula amesema akirudi, yeye na ndugu zake wataenda kumuuliza, na wewe unajua kuulizana kwa namna hiyo kunavyoishia.

Sikufichi kitu kingine. Nilikwenda kliniki kwa siri, muuguzi akanitoboa kidole, akasema damu ni ndogo, akanipa vidonge vyekundu. Nilivimeza kidogo nikaona choo kimekuwa cheusi kama masizi ya sufuria, nikaogopa kwamba vinaniunguza ndani, nikavificha kwenye debe la unga. Nachoka sana, nikipanda kile kilima cha kutoka kisimani moyo unapiga mpaka nasikia kwenye meno. Chakula kipo, Bibi, njaa hakuna, tangu biashara ifunguliwe Masanja analeta sukari na majani ya chai kutoka ng'ambo, tunakunywa chai ya rangi asubuhi, mchana na jioni, tunakula na mkate mweupe, na amesema hataki kuona matembele wala dagaa mezani kwake kwa sababu hivyo ni vyakula vya miaka ya foleni, bidhaa zilipokuwa adimu. Homa nayo nilipata nilipokwenda Kasanga kwenye harusi, nikameza dawa nusu, nikapata nafuu nikaziacha.

Nikisema nimekula ukuta, watauliza kwa nini, na nikisema kwa nini, aibu yote itakuwa yangu. Nikinyamaza, Bibi Silvana ataumia. Nifanyeje?

Ni mimi, mla ukuta, Sumbawanga.

BIBI RHODA ANAJIBU

Marahaba, binti yangu. Nimemaliza kusoma na nimecheka. Sasa kaa chini tusemezane.

Wasomaji wangu, barua hii sikuiacha isubiri zamu yake. Ilifika asubuhi kwa mkono wa mwanamke muuza vitumbua, na mwanamke huyo huyo nilimrudisha na jibu kabla vitumbua vyake havijapoa. Mjane anayeitwa mchawi hasubiri gazeti litoke, na damu iliyopungua nayo haisubiri. Haya ndiyo niliyomwandikia, na ninayachapa kwa ruhusa yake, majina yote nimeyabadilisha.

Kwanza, mume wako akishuka kwenye lori, wewe ndiye uwe mtu wa kwanza kuzungumza naye, kabla ya mama yake na kabla ya ndugu zake. Mwambie maneno mawili: nina mimba, na ukuta nimeula mimi. Unaogopa kusemwa? Utasemwa. Watu wa mtaa wako watakusema mpaka mahindi yatakapokomaa, halafu watapata mwingine wa kumsema. Lakini yule mama aliyekuinua kichwa akipigwa kwa sababu ya kijiko chako, hilo halitakuwa na msimu wa kwisha. Umenyamaza mbuzi alipofungwa, nikakuelewa kidogo. Umenyamaza binadamu alipoitwa mchawi, hapo sikuelewi hata kidogo, na ungekuwa karibu ningekufinya.

Pili, hakuna anayekunyonya damu. Umeipunguza mwenyewe, kwa kusaidiwa na watu wa nyumbani kwako. Ulimzaa Raymond, mwili haujarudisha ulichotoa, bado unamnyonyesha, ukabeba tena. Mwili wako ni kama shamba lililovunwa na kupandwa siku hiyo hiyo bila samadi. Kisha ukaenda Kasanga, mbu wa ziwani wakakuachia malaria, ukaitibu nusu. Malaria inaharibu damu, na ukiacha dawa katikati inabaki inaendelea na kazi yake. Rudi ukapimwe, na uwaambie una mimba changa ili wakupe dawa inayofaa. Usinunue kwenye kioski. Nakisia pia kwamba shambani unakwenda peku. Minyoo ya safura inaingia kwa nyayo, inakaa tumboni inafyonza damu. Huo ndio unyonyaji wa damu wa kweli, na Bibi Silvana hahusiki nao. Dawa yake ipo, lakini miezi mitatu ya mwanzo wa mimba haitolewi, subiri muuguzi akuambie. Wakati unasubiri, vaa kandambili. Siku hizi zimejaa sokoni.

Sasa udongo. Wanawake wengi wenye mimba wanautamani, na mara nyingi damu ikipungua hamu hiyo inazidi. Hukupagawa na wewe si mwendawazimu. Lakini udongo unakidanganya kinywa na kulidhulumu tumbo, unazuia madini ya chuma yaliyo kwenye chakula yasiingie mwilini, na unaleta mayai ya minyoo. Kwa hiyo damu inapungua, unatamani udongo, unakula udongo, damu inapungua tena. Ungeendelea, ungemaliza jiko ukahamia nyumba kubwa. Hamu ikikujia tafuna kipande cha muwa au karanga, au ondoka hapo jikoni ukatembee.

Na hiyo chai. Binti wa Mwazye, aliyelelewa kwa ugali wa ulezi na maharage, leo unashinda kwa mkate na chai ya rangi kwa sababu mume ameanza kuvuka mpaka? Chai inayoandamana na chakula inazuia yale yale madini. Inywe peke yake, chakula kikishatulia tumboni. Rudisha maharage, rudisha dagaa, rudisha matembele na mchicha, kamulia limau juu yake. Ng'ombe mnao, na maziwa ni mazuri, ila maziwa hayaongezi damu kama maini yanavyoongeza, kwa hiyo siku nyama ikipatikana usiwe mtu wa kuachiwa mchuzi. Masanja akisema hivyo ni vyakula vya miaka ya foleni, mwambie Bibi Rhoda alisimama kwenye foleni hizo na ana nguvu za kumfuata mpaka Kasesya.

Vidonge vyako vitoe kwenye debe la unga leo. Choo kuwa cheusi ndiyo kawaida ya vidonge vya chuma, hakuna kinachoungua. Meza kila siku, na maji au chungwa, si na chai. Vikikuchafua tumbo, meza baada ya kula. Usivikatishe ukiona nafuu, tabia hiyo tayari imekuponza. Raymond usimwachishe ziwa ghafla, maziwa yako hayajageuka sumu kwa sababu ya mimba. Mpe na uji mzito. Na ukianguka tena, au ukishindwa kupumua umekaa tu, au ukiona damu inatoka, hiyo ni safari ya hospitali, saa hiyo hiyo, usingoje mtu arudi na lori.

Hayo ndiyo niliyoyaandika. Mambo yameishaje? Binti ameniandikia tena.

Masanja alirudi. Mama yake alikuwa amemsubiri barabarani, lakini binti yetu alikuwa amekwenda mbele zaidi ya mama mkwe, akiwa na Raymond mgongoni, akalisimamisha lori. Akamwambia yote pale pale, juu ya magunia ya sukari. Anasema mume wake aliuliza, "Na kijiko ni kile changu cha chai?" Akajibu ndiyo. Walipofika nyumbani ndugu walikuwa wameshakusanyika na fimbo zao. Akawaambia, "Kaeni. Mke wangu ana mimba, na ukuta ameula yeye. Anayetaka kumpiga mtu aanze na mimi, mimba ni yangu."

Mama Kabula aliingia jikoni akafunga mlango. Kila mtu alidhani analia au anatafuta mwiko. Alipotoka alimwendea mkwe wake akamwambia, "Mjinga wewe, hapo nyuma ya mlango kuku wanalala. Ungesema, ningekuchimbia udongo wa kichuguu, msafi." Mama Kabula, nakuheshimu, tuna umri unaokaribiana, lakini weka jembe chini. Wa kichuguu nao marufuku.

Kisha wakaongozana wote mpaka kwa Bibi Silvana, balozi akiwa shahidi, kwa sababu neno lililosemwa mbele za watu hurudishwa mbele za watu. Mama Kabula alipiga goti. Magoti yake mabovu, lakini alipiga. Akasema, "Nilikuita jina lisilo lako. Nimekosa." Bibi Silvana alimwacha pale chini kidogo, na mimi sitamlaumu. Halafu akamjibu, "Nyanyuka. Nimewasikia. Ila mboga zangu zimenyauka zote, kesho utakaa nami gengeni mpaka watu waone unanunua." Na Mama Kabula alikaa, kutwa nzima, akila mchicha mbichi kuwaonyesha wapita njia kwamba hauna kitu.

Binti amerudi kliniki, na safari hii hakwenda kwa siri. Damu inapanda polepole, malaria imetibiwa, na kilima cha kisimani anakipanda akiwa anaongea. Masanja alimsindikiza kwa baiskeli. Binti anataka ijulikane kwamba mumewe alimuuliza muuguzi kama upungufu wote ule ulitokana na ule ukuta. Muuguzi akamuuliza huyu mtoto wa mgongoni ana umri gani. Masanja akaanza kutazama dari.

Baba Hellena, dari halijui. Mimba hii tutailea, na iko salama mikononi mwa mkeo na wauguzi. Lakini atakapojifungua, njooni kliniki wote wawili, mchague njia ya kupanga uzazi, mzungumze na muuguzi kwanza mchana kweupe, ndipo mzungumze wenyewe gizani.

Bibi Rhoda