Viatu vya Mama Mlangoni

Jumanne, Langoni

Nimecheka mpaka mbavu zauma. Miezi mitatu nimeichora kwenye kompyuta nyumba ya marehemu bibi iliyobomoka, kwa maelezo ya Mama tu, nikihofu hataitambua.

Leo nimemvalisha miwani ya kumwonyesha nyumba hiyo na viatu vya vitambuzi vinavyoiambia sakafu hatua zake, nikamsimamisha juu ya ile sakafu inayosogea kila upande, mtu atembee apendako bila kutoka chumbani. Bismillahi, akaenda. Alipofika mlangoni kwa bibi, sakafu ikasimama. Nikailaani mashine, nikakagua nyaya zote.

Kumbe Mama amevua viatu, ameviweka pembeni.

"Mama, mbona umevua?"

"Niingie na viatu nyumbani kwa mamangu? Una wazimu wewe?"

Swali langu la miezi mitatu, kama ataitambua nyumba, sikuliuliza tena. Nilivua vyangu pia.