Chai ya Kwenye Miwani

Kamwene, mdogo wangu Sikitu. Huku Mbeya ni baridi na manyunyu, na mkono wangu wa kushoto bado mzito tangu kile kiharusi.

Leo watafiti wa hapa hospitali wamenivalisha miwani kubwa ya kompyuta, nikajiona nimesimama katikati ya shamba la chai. "Chuma, mama, uweke kwenye meza iliyo mbele yako," akasema binti mmoja. Nikachuma, lakini mkono ukayatupa majani nyuma ya bega, kana kwamba niko Mufindi na kikapu kiko mgongoni. Binti akacheka. "Mashine haihesabu hiyo, mama. Lakini huo mkono juzi si ulikuwa umegoma?"

Wote wakafurahi. Mimi nikageuka, nikainama kidogo, nikimsubiri Baba Neema anitue kikapu kama kila jioni. Nilisahau kabisa kwamba tumemzika.

"Mama, unaumwa?" Nikasema hapana, nivueni tu.

Kesho watanivalisha tena na nitakubali, maana mkono unahitaji. Ila nitajitahidi nisigeuke.

Unipalilie kaburi la shemeji yako, majani yasilifunike. Nawakumbuka sana wewe na watoto.

Dada yako,
Mama Neema