Wanaopita Getini

Jumamosi, 1 Juni 2002

Korogwe. Semina siku nzima. Madaktari wa wilaya mbili tumekaa kwenye viti vya watoto wa shule, magoti kidevuni. Mwalimu katoka Dar, shati limenyooshwa mpaka unaogopa kulipigia chafya. Anasema kuna elimu mpya ya nafsi: badala ya kuchimba maradhi tu, unatafuta kilicho kizima ndani ya mtu, unakimwagilia maji. Daktari aliyechoka roho aandike kila jioni mambo matatu mazuri ya siku, na sababu zake.

Mambo matatu! Castory angemwaga chai kwa kicheko. Tulikuwa madaktari wawili hospitalini kwetu Handeni, yeye na mimi, hadi mwaka juzi alipoacha serikali akaenda hospitali ya mtu binafsi huko Dar. Amenishikia nafasi. Atakuja na gari tarehe 28 kuchukua jibu. Barua ya kuacha kazi nimeshaiandika, iko chini ya godoro.

Niseme ukweli, daftari hili hakuna alisomaye. Alhamisi mtoto alinifia mikononi. Nikamfunika, nikanawa, nikauliza chai iko wapi. Sista Bernadina, muuguzi wetu mkuu, alinitazama tu. Miaka kumi na mbili ya kazi hii na sijawahi kuuliza chai baada ya kifo. Naogopa.

Jumatatu, 3 Juni

Haya. Moja: bomba la wodini limetoa maji. Sababu: Mungu. Mbili: sindano hazikuisha. Sababu: Bernadina alizificha. Tatu: nimeoga. Sababu: tazama moja.

Upuuzi mtupu.

Alhamisi, 6 Juni

Kwenye ripoti ya asubuhi nimependekeza tuanze na waliopona badala ya waliofariki. Bernadina kaweka kalamu chini. Kasema waliopona hawatajwi, daktari, utawarudisha! Mara ya mwisho mtu aliposema wodi ni shwari, lori la mahindi lilipinduka kabla ya saa sita. Wenzake wote wakaitikia. Basi tukaanza na vifo kama kawaida.

Zuri la leo: nimecheka, peke yangu, njiani kurudi nyumbani. Sikumbuki mara ya mwisho ilikuwa lini.

Jumanne, 18 Juni

Kosa! Na ni langu, silisukumi kwa mtu.

Siku hizi nina bidii ya mlokole mpya. Leo nikaona matatu hayatoshi. Nikapita wodi ya watoto na kidole, nikihesabu kwa sauti wanaoendelea vizuri. Mmoja, wawili, watatu... Kaika akawa wa saba. Ni binti wa Keriako, mfugaji, miaka minne, kichomi kibaya. Juzi alikuja mbavu zikicheza, leo kanywa uji. Nikamgusa kichwani: wa saba! Baba yake alikuwa amekaa pale pale. Nikadhani tunafurahi pamoja.

Mchana, kitanda kitupu. Baba kambeba mtoto ndani ya shuka na sindano hazijafika nusu. Kitabu chetu kina safu ya hao: waliotoroka. Bernadina alishashika kalamu. Nikapiga kelele usiandike!

Mama Naanyu, mhudumu wetu wa wodi, naye wa jamii hiyo hiyo ya wafugaji, ndiye aliyenifumbua macho, huku anapiga deki. Kwao mtoto hahesabiwi, wala ng'ombe. Ukihesabu unakiita kifo kije kupunguza. Nikamuuliza kwa ukali, sasa mnajuaje kama mmoja amepotea? Akanicheka waziwazi. Jioni baba anasimama langoni mwa boma, ng'ombe wanapita, anamjua kila mmoja kwa sura. Ambaye hajapita, moyo wenyewe unamwambia.

Nimemwomba awafuate. Kavua aproni saa tisa, kaondoka na kanga yake tu. Mpaka sasa kimya. Zuri la leo sina. Chai imepoa hapa mbele yangu, haishuki.

Jumatano, 19 Juni

Wamerudi! Naanyu mbele, Keriako nyuma na mtoto begani. Homa imepanda tena, lakini anapumua, na dawa ipo.

Keriako kasema hana neno na dawa, ana neno na kidole. Nikamwambia, baba Kaika, nisamehe, sikujua. Akamweka mtoto kitandani. Kisha akatemea mate kiganjani, akanipa mkono. Naanyu akaninong'oneza kwamba ni baraka hiyo. Nikaupokea kwa mikono miwili. Halafu nikanawa — baraka ni baraka, wodi ni wodi.

Jumapili, 23 Juni

Sihesabu tena. Saa nne, walioruhusiwa wanapoondoka, nasimama dirishani nawatazama wakipita getini. Basi. Leo kapita bibi wa Sindeni, yule wa kidonda cha mguu. Alikuja amelala kwenye baiskeli, kaondoka anagombana na mwanawe nani abebe ndoo.

Bernadina naye anakuja dirishani. Hataji mtu, kwa hiyo hakuna wa kurudishwa! Jana wauguzi walikuwa wanne, tunasukumana kama watoto kwenye sinema ya bure. Nimeanza kulala usingizi.

Alhamisi, 27 Juni

Kaika kakimbia na kikombe changu wodi nzima. Kesho anaruhusiwa.

Nimeitoa barua chini ya godoro. Imeandikwa vizuri, ila kama imeandikwa na mtu mwingine. Hata hivyo nimeitia mfukoni. Dirisha haliongezi daktari. Bado niko peke yangu, na yule mwalimu wa shati hakuahidi kwamba mambo matatu yatazaa daktari wa pili. Dar kuna zamu, kuna vifaa, kuna Jumapili. Sijui. Kweli sijui.

Ijumaa, 28 Juni

Saa nne na nusu. Naandika nimesimama, daftari liko dirishani. Castory yuko nje tangu saa tatu, gari jeupe, miwani ya jua. Kauliza sanduku liko wapi. Nimesema bado kidogo. Barua iko mfukoni mwa koti.

Wamepita: mama wa mapacha. Fundi baiskeli na bandeji yake. Mzee wa henia, anatembea kwa madaha kama bwana harusi.

Kaika hajapita. Karatasi yake ya kuruhusiwa nilisaini mwenyewe saa mbili, na Naanyu ndiye wa kumleta. Keriako amesimama getini na fimbo, anatazama mlango wa wodi kama ninavyoutazama mimi. Bernadina kaniuliza kwa macho. Moyo unanidunda — unadunda, jamani, mimi niliyeuliza chai!

Castory anapiga honi. Chai yangu iko mezani, nzima. Anapiga tena. Asubiri. Mtoto hajapita, naenda wodini kwanza—